Hatua Kumi za Uani

Hatua yangu moja ni mita moja kamili. Nilijifunza kuitembea hivyo kwenye uwanja wa mpira, goli hadi goli, siku tatu mfululizo, kwa sababu dalali aliyenichukua kazini alisema asiyejua kupima kwa miguu hawezi kuuza nyumba Kariakoo.

"Ukitoa futi kamba tu," aliniambia, "wapangaji wanajua nyumba inauzwa. Wakijua, hakuna kodi tena, na jirani anatangaza bei kabla hujaitaja. Unaweka simu sikioni, unaongea na hewa, unatembea. Miguu inahesabu."

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na nilishafanya kila kazi isiyodai cheti. Shule niliiacha kidato cha kwanza kwa sababu nilitaka kujua malori yanayopita barabara ya kwetu yanakwenda wapi. Yalikwenda Tunduma. Nikarudi, nikapara samaki Feri, nikauza mikanda Posta, nikalinda ghala. Kila kazi niliiacha siku nilipohisi haina tena la kunificha. Udalali niliupenda kwa sababu ulinipa ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba za watu na kuangalia.

Nyumba ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Kiswahili, ya zamani: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma, na mwisho wa uani choo na bafu. Pande tatu ilikuwa imezungukwa na maghorofa. Jua liliingia uani adhuhuri tu, kwa muda mfupi, kisha likaondoka kama mtu aliyekunja mkeka wake. Barabarani spika za wachuuzi zilikuwa zinapiga kelele, "Jero! Jero! Chagua mwenyewe!" Ukiingia koridoni sauti ilibaki nyuma yako. Ukifika uani ulisikia tone la bomba.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja aliyekaribia miaka sabini, akiishi chumba cha mwisho. Nyumba ilikuwa ya baba yao, na warithi walikuwa watatu: yeye na wadogo zake wawili wa kiume, waliokaa mbali na kuja kwa gari. Walikuwa wanataka iuzwe. Kwa mirathi yao thamani ingegawanywa mafungu matano. Kila mwanamume mawili, bibi moja.

Siku ya kwanza nilipiga simu yangu ya uongo kuanzia mlango wa korido hadi ukuta wa choo. Hatua kumi. Nikarudi nikihesabu upya. Kumi. Hati ilikuwa kwa wadogo zake, na nakala tuliyopewa ilikuwa imefifia. Tarakimu ya urefu wa uani ungeweza kuisoma nane, tisa au kumi.

"Miguu haifutiki," dalali alisema, akaandika kumi.

Hivyo ndivyo bei ilivyopangwa. Alichukua bei ambayo kiwanja cha jirani kiliuzwa kwa mjenzi wa ghorofa, akaigawa kwa mita, akaizidisha kwa mita zangu, akaweka cha juu, chake na changu kidogo. Ikatoka bilioni moja na milioni mia saba, na mwisho wa tangazo maneno yale yale ya siku zote: maongezi yapo. Wadogo zake bibi walicheka kwa furaha. Bibi hakucheka. Aliniita pembeni.

"Umepima hadi wapi, mwanangu?"

"Hadi ukuta wa choo, bibi."

"Na umepita wapi?"

"Nimepita hapa hapa. Moja kwa moja."

Akaniangalia miguu kwa muda, kisha akaingia chumbani kwake.

Mnunuzi wa kwanza alikuja na fundi aliyebeba kifaa cha kupimia kwa mwanga mwekundu. Alikiweka mlangoni, doa jekundu likatua kwenye ukuta wa choo. Mita tisa. Akapima tena. Tisa.

"Kumbe mnauza na hewa?" mnunuzi alimuuliza dalali. "Basi nifungieni kwenye mfuko." Akaondoka.

Wa pili alikuja na futi kamba. Tisa. Wa tatu hakupima. Alisikia habari dukani kwa jirani, akapiga simu kusema asisubiriwe. Mwezi wa tatu nyumba ilikuwa imeanza kunuka. Nilivyojua kutoka Feri, samaki aina ya changu ambaye bei yake ya asubuhi ilikataliwa hauzwi tena kwa bei hiyo adhuhuri, hata kama bado anang'aa. Watu humwangalia na kujiuliza wenzao waliona nini.

"Mtaa mzima wananiita dalali wa hewa!" bosi wangu alifoka. "Hiyo miguu umeikopa wapi? Imelewa?"

Niliumia, lakini zaidi nilikuwa nawashwa na udadisi. Kesho yake nilikwenda peke yangu adhuhuri, wapangaji wengi wakiwa kwenye biashara zao. Nilivuta kamba kutoka mlangoni hadi choo, nikaipima. Mita tisa. Nikatembea. Hatua kumi. Nikatembea polepole, macho yakiwa ukutani. Kumi.

Karibu na jiko la mpangaji mmoja, mama aliyekuwa anapika chakula cha kuuza sokoni, palikuwa na debe la majivu. Nilimwaga majivu uani, nikayatandaza kwa ufagio mpaka sakafu yote ikawa ya kijivu. Kisha nikatembea tena, nikiangalia ukuta, nikihesabu kwa sauti. Kumi. Nikageuka.

Nyayo zangu zilitoka mlangoni zimenyooka. Zilipofika katikati ya uani zilikata kushoto ghafla, kama mtu anayempisha mwenzake, zikaenda upande hatua nzima, kisha zikarudi kwenye mstari. Pale zilipopakwepa hapakuwa na kitu. Saruji tupu, ukubwa wa sinia, na majivu juu yake hayakuguswa.

Yule mama mpishi akatoka koridoni na sufuria kichwani.

"We kaka, umenimwagia uchafu wote huu, atazoa nani?"

"Nitazoa, mama. Samahani."

Akapita kwenda jikoni kwake. Alipofika katikati alikata kushoto, akarudi. Nyayo zake zilikanyaga zangu.

"Mama, mbona umezunguka?"

"Nimezunguka wapi?" Aliangalia nyuma, akaona alama za miguu yake. Alizitazama kidogo, akashusha sufuria. "Hebu zoa majivu yako," akasema, sauti imeshuka.

"Kilikuwepo kinu."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Sijui alikuwepo kwa muda gani. Mpishi alichukua kisu na vitunguu vyake akaenda kukatia barazani. Bibi akavuta kigoda, akakaa kwenye ukingo wa majivu, akaongea kama mtu anayesoma barua aliyoipokea zamani.

Kinu kile, kikubwa, kilikaa pale karibu miaka hamsini, kimefudikizwa, mdomo chini. Hakikutwangiwa kitu. Wadogo zake walikitoa wiki mbili kabla sijafika, ili uani uonekane mpana kwa wateja. Walikiuza kwa mtu wa vitu vya kale.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Mtoto alitoka kimya. Hakulia hata mara moja. Mama yangu alimwosha mwenyewe, akamzika Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini na hawa wadogo zangu chuo cha Kurani, wadogo bado. Baba hakuambiwa. Hakuna aliyeambiwa. Mama akaviringisha kinu, akakifudikiza, akasema, nani atauliza habari za kinu?"

"Na wapangaji?"

"Walizoea kukizunguka. Hata saruji imeshuka kidogo pale wanapopita, ukipapasa utaona. Miguu inakwenda ilikozoea." Akaniangalia tena miguu. "Lakini wewe hukukiona kinu. Wala wale waliokuja kununua hawakukiona. Nilikuwa nawachungulia. Wote wamepisha."

Nilipiga magoti nikapapasa. Ni kweli, saruji upande wa kushoto ilikuwa imelika, bonde jembamba. Hiyo inaweza kuwa sababu. Mimi napenda sababu, na hii niliishika kwa mikono yote miwili. Kisha nikasimama nikajaribu kupita katikati, nikiangalia chini, nikijua ninachofanya. Nilifika nikasimama. Mguu ulikuwa mzima, haukuuma. Sikuupeleka.

"Usijilazimishe," bibi alisema.

Ndipo akaniambia kilichokuwa kinamsumbua. Wadogo zake walikuwa wamechoka na bei yetu. Walishapata mjenzi asiyejali mita tisa wala kumi. Angetoa bilioni moja na nusu, aangushe nyumba, achimbe chini orofa ya kuegesha magari. Angekuja Jumatatu. Bibi alikuwa ameshukuru kila mnunuzi aliyekimbia, lakini huyu hangekimbia.

"Mwambie mjenzi, bibi. Au umhamishe. Watu huhamisha."

"Hakupewa jina. Nitamwita nani aamke ahame?" Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Wewe si mtu wa bei? Nitajie bei ya kweli. Si ya ndugu zangu, si ya bosi wako. Nyumba hii isipochimbwa, inauzwa kiasi gani?"

Katika miezi yote ile hakuna aliyeuliza swali hilo. Tulikuwa tunauza kiwanja cha ghorofa chenye hewa ndani yake. Nilikaa chini nikahesabu kwenye majivu kwa kidole. Asiyejenga ghorofa anataka fremu za duka mbele na stoo nyuma. Nilizijua kodi za fremu mtaa ule, nilijua mtu anachoweza kurudisha na kwa miaka mingapi. Ikatoka bilioni moja na milioni mia tatu. Tena kwa mtu mmoja tu ninayemfahamu.

Huyo alikuwa mzee wa Kihindu, muuza vitambaa, aliyezaliwa mitaa miwili kutoka pale. Alikuja mara moja mwanzoni kuulizia tu, akasikia bei, akaaga kwa adabu. Nilimkumbuka kwa sababu alipofika katikati ya uani alisimama, akauliza, "Hapa palikuwa na nini?" Dalali akamjibu, "Hapana kitu, mzee, nafasi tu."

Jumapili wadogo zake walikuja. Bibi aliwakalisha barazani, mimi na dalali tukiwa kwenye benchi.

"Mjenzi wenu anatoa bilioni moja na nusu," alisema. "Kila mmoja wenu anapata milioni mia sita. Mimi mia tatu. Nina mnunuzi wa moja na mia tatu. Nyinyi chukueni mia sita zenu kamili. Kinachobaki ndicho changu."

"Kinabaki mia moja!" mdogo wa kwanza alisema. "Dada, unatupa mia mbili? Akili yako ipo?"

"Ipo. Si unaona nahesabu?"

"Huyu kakulisha nini?" mdogo wa pili alininyooshea kidole. "We jamaa, unapata ngapi hapa?"

"Hapati kitu," dalali alidakia kwa uchungu. "Hata mimi sipati cha juu. Nyumba ya wazimu hii."

"Dada, tuambie sababu basi."

Bibi alitazama koridoni, mpaka mwisho kule kwenye mwanga. "Nyumba ya baba sitaki ichimbwe," alisema. "Mmepata zenu. Kuna jingine?"

Mdogo wa pili aliinuka akaenda uani kunawa mikono, na mimi, kwa kuwa siwezi kujizuia, nikachungulia. Alipisha.

Mzee wa vitambaa alikuwa ameshakubali siku niliyompelekea bei, bila kuomba kupunguziwa hata shilingi. Ndiyo maana najua bei ilikuwa ya kweli. Kwenye mkataba bibi alidai sharti moja: futi nne kwa nne katikati ya uani zisichimbwe. Mwanasheria aliuliza sababu ni nini, aiandike. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Andika tu. Sisi dukani hatumuulizi mteja kitambaa anakwenda kushona nini."

Mimi kazi niliipoteza wiki ile. Nikaenda kwingine, kama kawaida yangu.

Nyumba sasa ina fremu nne mbele, na uani umeezekwa kuwa stoo. Majora ya vitambaa yamepangwa mpaka juu, pande zote, isipokuwa njia ya kupita na katikati, ambapo pana tundu kama kisima. Mtunza stoo ni kijana wa Kigamboni aliyeajiriwa juzijuzi na hajui lolote. Nilipomuuliza kwa nini nafasi nzuri kama ile imeachwa, alikunja uso.

"Wapagazi hao, kaka. Unawaambia wapange pale, wanapanga pembeni. Nimechoka kusema."

Bibi anaishi Mbagala, kwenye nyumba ndogo yenye jua la kutosha. Kila nikiwa mjini hupitia kule stoo kwanza. Mtunza stoo amenizoea. Naweka simu sikioni, na siku hizi kweli kuna mtu upande wa pili, ananisikiliza nikitembea, hasemi neno. Natembea nikiangalia ukuta. Ninaogopa kitu kimoja tu, siku nitakayofika na kukuta tisa.

"Ngapi, mwanangu?"

"Kumi, bibi."

"Alhamdulillahi," anasema, na anakata simu.