Samoni wa Gunnel

Gunnel Törnkvist hakupenda kuvua. Aliyependa ni mumewe, Birger, na mashua ilikuwa yake, mpaka mgongo ulipogoma na daktari akamkataza kupanda chombo chochote kinachorukaruka. Katika Ziwa Vänern, hapa Uswidi, hakuna kisichorukaruka. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma, mawimbi huja mafupi, yamebanana, yanakupiga kabla hujakaa sawa.

Wengine wangeuza mashua. Birger alimkabidhi mkewe, kisha akawa anamwongoza kwa simu kutoka jikoni.

Kurambaza, yaani kuvua huku mashua ikitembea, ni taabu ukiwa peke yako. Mishipi inaburutwa nyuma, vibao vinavyoelea vinaivuta kando isigusane, na wewe huku unashika usukani. Jumamosi moja ya Aprili, mvua ya theluji ikinyunyiza, vibao vya Gunnel viligongana na mishipi ikasokotana kama uzi uliochezewa na paka. Akakata mmoja kwa kisu, vidole vimekufa ganzi. Simu ikalia. Nilikuwa karibu naye, ndani ya mashua yangu, na Gunnel huongea na simu kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Nimeweka chambo cha shaba," alisema. "Ndiyo, ulisema cha kijani. Birger, wewe unayaonaje maji ukiwa jikoni?"

Akaitia simu mfukoni huku mwenzake bado anaongea.

"Dada Gunnel, turudi," nilimwita. "Ziwa limechafuka."

"Tangulia, jirani. Nikirudi mikono mitupu atanihubiria mpaka Jumatatu."

Sikuweza kumwacha, nikabaki nazunguka. Haukupita muda, fimbo ya mshipi uliobaki ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Gunnel akauacha usukani. Mashua ikajigeuza ubavu, wimbi likaingia na kumlowesha mapajani. Akaubana usukani kwa goti, akavuta, akalegeza, akavuta tena. Simu ililia mfukoni muda wote huo. Hatimaye akamwingiza samaki kwenye wavu wa mpini: samoni mnene, anang'aa, mrefu kuliko mkono wake.

Nilingoja ashangilie. Badala yake aliinama juu ya wavu, akapapasa mgongo wa samaki karibu na mkia, akanigeukia.

"Jirani, hebu sogea. Nimeingiwa na maji machoni, huenda sioni vizuri."

Nikasogea mpaka mashua zikakaribia kugongana. Samoni wanaofugwa hukatwa kile kipezi kidogo cha nyuma kabla ya kutiwa ziwani, na hao ndio tunaoruhusiwa kula. Mwenye kipezi ni wa ziwa mwenyewe, lazima arudi.

"Kipo," nikasema.

"Hakuna hata kovu?"

"Hakuna, dada."

Alitazama ufukweni, akanitazama mimi. "Na wewe tayari umeshaona."

"Nimeona."

Akatoa neno ambalo watoto wa shule aliokuwa akiwapikia hawajawahi kulisikia kwake. Kisha akamshika samaki ndani ya maji, taratibu, mpaka akapata nguvu. Samaki alipoondoka alimchapa maji ya uso kwa mkia.

Tuliporudi, Birger alikuwa amesimama gatini, ameegemea mkongojo wake.

"Mbona hupokei simu? Yuko wapi samaki?"

"Alikuwa na kipezi."

"Ulitazama vizuri? Wakati mwingine huota upya kidogo."

"Nilitazama. Jirani naye alitazama."

"Mkubwa kiasi gani?"

Gunnel akaonyesha kwa mikono.

"Eti nini? Na picha hukupiga?"

Gunnel alivua buti, akamwaga maji miguuni pa mumewe. "Jumapili ijayo unapanda mwenyewe."

"Na mgongo?"

"Nitakuletea mto."

Nilidhani ni hasira tu, lakini Jumapili ile nilimwona Birger ameketi juu ya mto wa sebuleni, ameshika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Walirudi kabla ya saa sita, samaki hata mmoja hakuwagusa. Ilibidi watu wawili tumwinue kumpandisha gatini. Akaenda moja kwa moja kulala kiti cha nyuma cha gari.

Gunnel alibaki anachota maji ndani ya mashua kwa kopo.

"Basi sasa atatulia," nikamwambia.

"Atulie wapi," alijibu bila kuinua kichwa. "Anataka twende tena Jumamosi. Anasema kosa lilikuwa mto."