Jogoo Aliyechinjwa Ruziba

Jumamosi ile tulifua mapazia. Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu, hakupenda sikukuu yoyote, iwe yake au ya wapangaji wake, ikute mapazia yenye vumbi. Kwa hiyo mimi na Goreti tulikuwa tumeinama juu ya beseni moja uani, povu limetufika viwikoni, na Goreti alikuwa anaimba. Aliimba kwa sababu mama yake alikuwa anakuja kutoka kijijini kwao Ruziba kusherehekea naye Krismasi. Mimi sikuimba.

"We Mutanzania," akasema, "ukikamua pazia hivyo litapasuka. Hasira ya nini?"

"Sina hasira."

"Unayo. Mi nakuona."

Aliona vizuri, ila hakulipata jina lake. Ulikuwa wivu.

Nieleze taratibu, maana wengi wanaosoma leo walikuwa hawajazaliwa. Nilizaliwa Kigoma, na nilikwenda Bujumbura kufundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule ndogo ya binafsi huko Rohero. Kigoma na Bujumbura hunawa uso kwa ziwa moja. Miaka ya amani mtu alipanda meli na kufika kwao. Lakini mwaka ule nchi jirani, yangu ikiwemo, zilikuwa zimefunga mipaka ili kuibana serikali mpya ya Burundi. Meli ikasimama. Barabara za kusini zilipita kwenye milima ambako magari yalikuwa yakivamiwa. Hadi wiki ya mwisho nilikuwa bado natafuta lori, mtumbwi, chochote, kisha nikaacha kutafuta. Ingekuwa Krismasi yangu ya kwanza mbali na mama.

Jioni nilisimama mahali ambapo ziwa linaonekana na kufikiri kwamba mama yangu anachota maji haya haya. Wazo hilo halikunifariji hata kidogo. Kiu huuma zaidi ukiwa unayaona maji.

Goreti yeye alipiga taipu katika ofisi moja mjini, chumba chake kiko ukuta mmoja na changu. Ndugu zake wote walikuwa wameuawa mwanzoni mwa vita. Kati ya watoto wa mama yake alibaki yeye tu, na mama akamwambia akae mjini kwenye usalama, yeye mwenyewe alinde shamba la muhogo. Najua unachofikiri. Unafikiri mtu wa namna hiyo hawezi kuonewa wivu. Mimi nilimwonea. Wivu haupigi hesabu ya misiba ya mwenzako. Unaangalia kile kimoja alicho nacho nawe huna.

Ua wetu ulikuwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa zamani wa mji ule, mafundi wa magari na wafanyabiashara. Mitaa mingi ilikuwa imebaki na kabila moja tu, jingine limeuawa au limekimbia. Buyenzi watu waliendelea kukaa pamoja. Katika ua wetu jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake. Siku ya Idi, Mama Zuhura alipakua sinia moja kubwa na wapangaji Wakristo tukaketi pamoja nao. Siku ya Krismasi walipika Wakristo, lakini kuku walimpeleka akiwa hai kwa Baba Zuhura, mume wa mwenye nyumba, akamchinja yeye kwa bismillahi, ili Waislamu pia waweze kula.

Ukiwa mbali unaweza kudhani hilo ni jambo dogo la mapishi. Wakati ule watu waliogopa hadi maji ya kunywa katika nyumba ya jirani, kwa sababu kila wiki ulisikia habari ya fulani aliyetiwa sumu. Mikono yenu ikiingia kwenye sinia moja, mmeambiana kwamba hamwogopani. Hapakuwa na namna nyingine ya kumwambia jirani jambo hilo na akaliamini.

Asubuhi ya Krismasi tulirudi kutoka misa ya kwanza tukamkuta mama yake Goreti ameketi kwenye kizingiti, vumbi limempanda hadi magotini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Goreti, mtu mzima mwenye viatu vya kisigino, alikimbia na kumwangukia kifuani. Mama akamshika mashavu, akamgeuza kushoto na kulia kama anayekagua papai sokoni.

"Umekonda, mwana wanje," akamwambia, yaani mwanangu kwa Kirundi.

"Apana, mama. Ni gauni tu."

"Gauni haikondeshi mutu."

Nilipita kando yao nikaenda kuwasha jiko. Niliwasha vibaya, likafuka moshi.

Kisha mama akafungua kikapu chake. Juu yalikuwa majani ya muhogo, chini yake ndizi, na chini kabisa, katika jani la mgomba lililofungwa kwa ustadi, jogoo mkubwa aliyekwisha kuchinjwa na kunyonyolewa.

Alitueleza huku anacheka. Vizuizi vya askari vilikuwa vingi kati ya Ruziba na mjini, na jogoo hai huwika. Mara ya mwisho alipoleta kuku, askari walimnyang'anya kuku huyo kizuizini. "Safari hii nikasema, tutaona nani mujanja. Nikamuchinja mwenyewe, nikamulaza chini ya sombe. Askari anauliza, mama, umebeba nini? Namwambia, majani. Anasema, pita."

Hakuna aliyecheka naye. Baba Zuhura alikuwa amesimama karibu na bomba, kisu amekwisha kukinoa. Mama Zuhura alimtazama jogoo, akatazama pembeni.

Goreti akajifunika mdomo. "Nilisahau kumwambia," akasema.

Mama yake alikuwa hajawahi kula Krismasi katika ua ule. Kwao Ruziba majirani walikuwa Wakristo watupu. Goreti alipomweleza, kicheko kilimtoka usoni polepole.

"Si kitu, mama," Baba Zuhura akasema. "Nyinyi mule nyama, sisi tutakula wali na maharagwe. Noheli ni yenu. Furahini."

Alisema kwa upole, na upole ndio uliomwumiza zaidi. Yule mama alishuhudia mengi katika vita, lakini kula nyama uani mwa watu waliomlindia mwanawe, wenyewe wakiwa wanatazama, hilo hakuliweza. Akasimama kutafuta kitambaa chake alichofungia pesa.

"Wanauza kuku wapi hapa?"

"Mama, kaa," Goreti akasema. "Umetembea tangu usiku haujaisha. Wauzaji wako pale barabarani, naenda na kurudi."

Akabadilisha viatu, akanigeukia. "Twende, Mutanzania. Utanisaidia kumushika miguu."

Ningekwenda siku nyingine yoyote. Lakini mama yake alikuwa ameona nywele zangu, ambazo sikuwa nimezisuka kwa majuma, na alikuwa amekwisha kutandika mkeka. "Huyu mutoto wa watu atakula Noheli na kichwa hiki?" akasema. "Njoo, nikusuke."

Goreti alitazama mkeka, akanitazama mimi, akatabasamu. Nadhani ndipo alipoelewa ni kitu gani kilichokuwa kinanisumbua juma zima.

"Basi kaa," akasema. "Nakukopesha mama yangu. Lakini usimuzoee."

Akatoka.

Niliketi katikati ya magoti ya yule mama. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, lakini vilijua njia. Alinukia moshi na sabuni ya mche, kama mama yangu. Aliniuliza kwetu tuko wangapi, nikamjibu, naye akawa anaitikia "ego, ego" kila niliposita. Nilifumba macho. Nilitamani Goreti achelewe kidogo, wauzaji wampandishie bei, wabishane. Nilitaka mikono ile ibaki kichwani pangu mpaka msuko wa mwisho.

Mlipuko ulitikisa mabati.

Mikono ilisimama.

Kisha risasi, chache, halafu nyingi. Baba Zuhura alifunga geti na kutuamuru tulale chini. Tulilala juu ya mkeka. Mama Goreti alikuwa bado ameshika fungu la nywele zangu, na alivyozidi kukaza mkono ndivyo kichwa changu kilivyozidi kuvutwa. Sikumwambia aachie.

Kimya kikaja.

Baba Zuhura akafungua geti, akatoka na mafundi wa gereji yake. Mama Goreti alitaka kuwafuata. Mama Zuhura akamkumbatia kwa nyuma, wakaanguka wote wawili.

Mtu mmoja alikuwa ametupa guruneti mahali walipokuwa wauzaji wa kuku. Nani, na kwa nini, hatukujua siku ile na sijui leo.

Walimleta kwenye turubai la gereji.

Mama yake hakupiga yowe. Aliomba maji, akamwosha mwanawe uso, kisha miguu, kisha akaomba maji mengine. Alipomaliza alitafuta kitana chake, akakikuta kichwani kwangu ambako alikuwa amekichomeka. Akakichukua. Akamchana.

Barabara ya Ruziba ilifungwa. Tulimzika mjini kesho yake, upesi, kwa sababu ya saa za kutotoka nje. Mafundi Waislamu walichimba kaburi na padri akaliombea.

Jioni ile ya Krismasi, kabla ya mazishi, yule jogoo alikuwa bado kikapuni. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani na chakula kilikuwa adimu, bei zimepaa tangu mipaka ifungwe. Mama Zuhura akaazima sufuria kwa jirani Mkristo, kwa kuwa yake isingeweza kuguswa na nyama ile, akampika kwa mkono wake. Katikati ya mapishi aliniita.

"Mwalimu, onja chumvi. Mi siwezi."

Nikaonja. Nikamwambia imekolea. Hakugusa hata mchuzi, lakini sijala tena nyama iliyopikwa kwa uangalifu wa namna ile.

Mama Goreti alikaa nasi katika chumba cha mwanawe, wiki zikapita, ikawa miezi. Alimalizia nywele zangu. Alinipikia. Niliporudi kutoka shuleni nilikuta maji ya kuoga yamepashwa moto, na sahani imefunikwa kwa sahani. Aliniita mwana wanje. Yote niliyokuwa nayatamani siku za kufua mapazia niliyapata, na kila usiku yalinilemea. Sikuweza kuyakataa, kwa sababu alihitaji mtu wa kumpa. Wala sikuweza kuyafurahia. Niliyapokea. Ukikutana na mama wa namna hiyo, pokea. Mara nyingine kupokea ndio msaada pekee ulio nao.

Alipenda nimsimulie habari za mama yangu. Anapika nini Krismasi? Anaimba kanisani? Anagombeza? Nilisimulia kama ninavyosimulia darasani, kwa mifano mingi, nikidhani namburudisha: jinsi anavyokaanga maandazi kabla ya jua kutoka, jinsi ndugu zangu wanavyogombania firigisi naye anaishia kuila mwenyewe. Siku moja, katikati ya habari, aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka. Hakuniuliza tena habari za mama.

Njia ilipofunguka nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuondoka. Alinisindikiza bandarini, amebeba begi langu kichwani, amekataa katakata kunipa. Tulikaa juu ya magunia tukisubiri kuitwa. Nilijitayarisha kumshukuru kwa maneno mengi. Akanitangulia.

"Mama yako," akasema, akitazama maji, "mi namuonea wivu."

Niligeuka kumtazama.

"Mwambie hivyo. Usimufiche. Mwambie kuna mama mmoja Bujumbura anamuonea wivu kila siku, na tena anamuombea mema. Yote mawili. Utakumbuka kusema yote mawili?"

"Nitakumbuka, mama."

"Haya. Wanaita."

Nyumbani nilikaa siku kadhaa kabla ya kufikisha ujumbe. Kwanza kulikuwa na vilio, kisha wageni, kisha mama alinilisha kama ng'ombe wa kunenepeshwa. Mwishowe, tukiwa wawili jikoni, nilimsimulia yote: kikapu, mkeka, turubai, sufuria ya kuazima. Nikamwambia yote mawili, kwa mpangilio ule ule.

Mama yangu aliweka mwiko chini. Alipangusa mikono kwa kanga.

"Nitamtaja kwenye sala," akasema. "Anaitwa nani?"

"Mama Goreti."

Alisubiri, akidhani bado naendelea. Miezi yote ile, uani, sokoni, kaburini, hilo ndilo jina tulilomwita, asubuhi mpaka jioni, naye aliitika. Jina lake mwenyewe sikuwahi kumwuliza.

"Ni hilo tu?" mama akauliza.

"Ni hilo tu."

Akainamisha kichwa, akamwombea kwa hilo.