Usipige Ile Nzi

Mimi ni Alufonsi, fundi wa kupaka rangi nyumba hapa Kisangani. Mji unajengwa kila upande, kwa hiyo kazi ipo, na rangi inayobaki chini ya makopo huwa naichukua nyumbani. Nachora ndege juu ya vipande vya mbao. Sikusomea popote. Walionifundisha ni ndege wenyewe wa kwenye maporomoko ya mto, pale wavuvi waliposimamisha miti mikubwa majini na kufungia vikapu vyao vya kunasia samaki. Mdiria alikuja kila asubuhi kukaa juu ya mti uleule, akiangalia maji.

Mke wangu Veronika ni binti wa wavuvi. Macho yake yalikuwa makali kuliko yangu. Yeye ndiye aliyemwona ndege kwanza, akanigusa bega. Tulikaa juu ya jiwe kabla sijaenda kazini, yeye ameshika makopo. Nzi wadogo weusi wa pale walituuma mpaka damu ikatoka miguuni. Siku moja aliinua mkono.

"Usipige ile nzi," nikamwambia. "Ndege itakimbia."

Akashusha mkono. Tukakaa hivyo miaka mitatu, tukijisifu kwamba sisi ni wavumilivu.

Kwanza ulikuja mwasho. Nilijikuna mapaja kwa kigae cha chungu mpaka ngozi ikawa nene na yenye mikunjo. Uvimbe mgumu uliota kwenye nyonga, mwingine kichwani. Kisha macho yakawa mekundu, jua likanichoma, na mdiria akawa kama yuko nyuma ya ukungu.

Veronika naye akaniambia, "Papa, macho inaniuma."

"Ni moshi ya samaki," nikamjibu. "Utoke kidogo jikoni."

Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kumaliza picha. Sijajisamehe hadi leo.

Siku niliyokosea ngazi kazini nikaanguka, wenzangu walinipeleka hospitali. Daktari Mbelgiji alinikata kipande kidogo cha ngozi ya nyonga, akakitia kwenye tone la maji, akakitazama kwa darubini. Muuguzi ndiye aliyenieleza.

"Tonton, minyoo iko mingi ndani ya ngozi. Ile nzi ya maporomoko ndiyo inaileta. Bon, tunaanza dawa leo. Na bibi yako iko wapi?"

Vidonge vilinitesa kuliko ugonjwa. Uso ulivimba, homa ikapanda, mwili wote ukawasha hadi nikamwomba muuguzi anifunge mikono, naye akanishika badala ya kunifunga. Uvimbe wa kichwani waliutoa kwa kisu. Baada ya wiki nyingi jicho la kushoto lilitulia, la kulia likabaki na ukungu. Veronika alipewa dawa zilezile na akateseka vilevile. Daktari alimpima macho mara mbili, kisha akaniambia mimi badala ya kumwambia yeye.

"Wewe uliwahi. Mama, hapana."

Veronika alikuwa ameketi karibu nami, na alisikia.

Namshukuru Mungu kwa jicho lililobaki. Namshukuru daktari, na yule muuguzi aliyenishika mikono. Lakini nisiwadanganye, moyo wangu haujapona. Bado nachora. Namweleza Veronika nilichochora, naye ananisahihisha kwa kumbukumbu tu.

"Dume iko na mistari mbili kifuani," anasema. "Wewe unasahau kila mara."

Nikiangalia mbao, kweli nimechora mmoja.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani, nzi wa kawaida wa nyumbani akatua mkononi mwake. Veronika hakutikisika. Nikampiga mimi yule nzi.

"Ndege imekimbia?" akaniuliza.

Basi nawaambia ninyi mnaokaa kando ya maporomoko: macho yakianza kuuma, msiseme ni moshi, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na nzi akitua, mpige. Ndege atarudi kesho.