Mpanda Farasi Aliyeambiwa Arudi

Juzi hapa ugenini, Bellevue, mjukuu wangu Neema aliwasha televisheni, wakawa wanaeleza maisha ya mzee mmoja wa Amerika, mwongozaji wa filamu za zamani, mwenye kofia na kiko. Akapita farasi mweupe wa filamu yake moja. Nikasema, ngoja, farasi huyu namjua.

Nilimwona utotoni, parokiani Lubumbashi, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jenereta inanguruma na kunuka petroli. Jenereta ile iliwahi kumuunguza mpishi wa mapadri, lakini tuyaache. Katekista alisimama kando ya shuka lililoonyeshewa filamu akitutafsiria, nami niliamini watu wa kwenye shuka wanamsikia. Baba yangu alikuwa ameenda migodini, misimu miwili ya mvua bila habari. Basi mpanda farasi alipomwacha mwanawe mlangoni akaondoka, nikapiga kelele, "Katekista, mwambie arudi!"

"Mwiteni na babake huyu!" watoto wakanicheka.

Katekista hakucheka. Aliligeukia shuka. "Bwana, mtoto anakuita." Kisha akatuambia, "Amesikia. Anakwenda kumnywesha farasi tu, atarudi."

Nilikimbia nyumbani kufagia uwanja, maana niliona baba naye ataitika.

Kumbe, televisheni ikaeleza, yule mzee wa kofia aligombana miezi mizima na matajiri waliolipia filamu, wao wakitaka mpanda farasi arudi, yeye akikataa. Akashinda.

"Eish, Babu, harudi," Neema akasema.

"Kwetu alirudi," nikamwambia.

Baba ndiye hakurudi. Lakini nilifagia uwanja ule kila jioni, mpaka nikawa mkubwa, na sikufagia nikilia.