Cheti cha Mwenendo Mwema

Juzi, katika ofisi ya kanisa moja hapa Bunia, mama mmoja aliomba kurudishwa kwenye Meza ya Bwana. Walimtenga kwa kuuza pombe. Ameiacha, na Jumapili alitaka kushiriki pamoja na binti yake anayebatizwa.

Katibu alishika kalamu. "Tangu uliacha pombe, mama, haujatenda zambi tena?"

Mama alifikiri kweli. "Nimetenda, papa. Jana nilimutukana jirani."

"Basi haujaokoka. Rudia mwezi wenye unakuja."

"Hata mwezi ule nitatukana mwingine, papa."

Sisi tuliokuwa kwenye benchi tukingoja zamu tulicheka. Yeye alikaza kitenge chake, akatoka akitazama chini.

Mimi, ninayewanyamazisha wavulana kwenye midahalo ya chuo, nilikuwa na jibu mdomoni: kama wokovu ni wa wasio na dhambi, msalaba ulikuwa wa nini? Nikalimeza. Nilikuwa nimefuata cheti cha mwenendo mwema, na muhuri ulikuwa mkononi mwa katibu.

"Na weye, binti? Zambi?"

"Hapana, papa."

Akagonga. Nilitoka na karatasi inayosema sina doa, na uongo wangu ulikuwa mbichi kuliko wino wake.