Kamba Aliyoisokota Mama

Kama hujawahi kunusa makumbi ya nazi yaliyofukuliwa topeni, mshukuru Mungu. Uvundo wake hung'ang'ania nguo hata baada ya kufuliwa. Juzi niliukuta huku kwetu Pangani. Wenzangu wakaziba pua, mimi nikasimama nikiuvuta kama mwehu.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa msokota kamba. Aliyafukia makumbi miezi na miezi, akayafukua, akayaponda, kisha akausokota usumba wake, zile nyuzinyuzi za kumbi, juu ya paja mpaka paja likang'aa. Ndiye aliyenilea, maana mama alifariki akinizaa. Picha yake haikuwepo hata moja, na ukimtaja, bibi huinuka akaenda kuchochea moto ambao tayari unawaka. Majirani nao, wakiniona tu: "Baba mtupu huyu!" Basi nikikaa peke yangu uani nilijiuliza, mama kaniachia nini mimi? Sikuona kitu ila kitanda nilicholalia, kilichowambwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe.

Kamba ile ikaanza kulika. Bibi, ambaye hakujua kutupa kitu, akaifungua yote, akaizongoa mpaka nyuzi zake mbili zikaachana. Kisha kila uzi mkuukuu akausokotea mwenziwe mpya. Nikaangua kilio.

"Bibi, unaiharibu kamba ya mama!"

"Ala! Nani kaharibu? Ilikuwa moja, sasa zimekuwa mbili."

"Ya mama ni ipi?"

"Zote mbili. Hebu niondokee hapa na makamasi yako!"

Nikasusa chakula. Kitanda kilipowambwa upya, nikawa napapasa kamba kwa vidole, nikitafuta nyuzi zilizofifia rangi, nilaze shavu hapo. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Nikaja kusoma sekondari Muheza. Siku moja mwalimu wa baiolojia alichora ubaoni ngazi iliyosokotwa, akasema hiyo ndiyo DNA, yenye maagizo yote ya mwili. Kabla seli haijagawanyika, nyuzi zake mbili huachana, na kila mmoja hujengewa mwenza mpya: viungo vyake ni vinne, penye A hukaa T, penye G hukaa C, na kinyume chake. Hutoka DNA mbili zinazofanana, kila moja ina uzi wa zamani na uzi mpya. Nikaikumbuka kamba ya kitandani, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, nyuzi zile za kwanza kabisa, alizonipa mama, bado ninazo?"

Akafikiri kidogo. "Kama zipo, zimo katika seli chache mno. Nyingine zote ni nakala."

Nakala! Nilitoka darasani nikaenda kulia nyuma ya bweni. Niliona kama nimefiwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na wa kunipa pole.

Utu uzima ndio ulionifumbua macho. Nilikuwa namtafuta mama kama kitu kilichosazwa mahali, chakavu, cha kufichwa kisipotee. Kumbe alinipa mpangilio, na mpangilio ukinakiliwa haupungui. Nusu ya maagizo katika seli zangu ni yake. Kila goti nililochubua likapona, lilipona kwa kumnakili yeye, nami nimekaa uani nalia, nikidhani sina mtu.

Sura yake siijui mpaka leo. Hilo bado linaniuma, sitawadanganya.