Alama za Mkazo Katika Daftari Langu

Mpaka leo, mwanangu, nikiona neno newspaper limekatwa silabi kwa penseli, namkumbuka Sesilia wa Namanyere, nami naona haya upya.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nikisoma kidato cha kwanza hapa Sumbawanga. Sesilia, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa amechaguliwa kusoma habari ya Kiingereza siku ya wazazi, na baba yake angekuja kumsikiliza. Kabla ya siku hiyo alikwenda kwao kuvuna ulezi wa kijiji, akakosa somo la kukata silabi za maneno ambatano na kutia alama za mkazo. Aliporudi aliazima daftari langu.

Daftari lilikuwa safi, ila alama zilikuwa za kubuni. Mwalimu alipofundisha nilikuwa nikipiga soga. Baadaye nikajaza mwenyewe kwa desturi ya Kiswahili, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Blackboard na classroom, zenye silabi mbili tu, zilikubali, nikajiona bingwa. Sikumwambia Sesilia kwamba nabahatisha. Nilipenda kuitwa mjuzi.

Jumatatu mwalimu akamwita ubaoni. Alikata vizuri, news-pa-per, grand-mo-ther, kisha akatia mkazo katikati na kusoma kwa sauti. Darasa likaangua kicheko.

“Hicho Kiingereza au Kifipa?” akadakia kijana mmoja wa mjini. “Dada, rudi kwenye ulezi!”

Mwalimu akasema atatafuta msomaji mwingine. Nami, mwanangu, nilitazama sakafu.

Sesilia akarudi kuketi, akanipa daftari. “Asante, kaka. Nadhani sikukariri vizuri.”

Asante ile sikuistahili. Nilimfuata mwalimu ofisini, nikaeleza yote. Alikuwa mzee mkali, lakini fimbo hakuigusa.

“Usilolijua nitakufundisha,” alisema. “Lakini mwenzako anachekwa kwa kosa lako, nawe kimya! Hilo nikufundisheje?”

Kesho yake nilisimama ubaoni, nikasoma maneno yale kwa mkazo wangu wa kubuni, wakanicheka mpaka wakachoka. Kisha mwalimu akamwonyesha Sesilia mahali pa mkazo, pale mwanzoni, akamrudishia nafasi yake. Siku ya wazazi, baba yake, asiyejua neno hata moja la Kiingereza, alipiga makofi kila mara bintiye alipotua kuvuta pumzi.

Basi, mwanangu, mwenzako akiazima daftari lako, mwonyeshe unapojua na unapobahatisha. Na akichekwa kwa sababu yako, simama kabla kicheko hakijaisha. Mungu akujalie ulimi usioona haya kusema “sijui”, na akukutanishe na rafiki mpole kama Sesilia.